Mshale Uliogoma Kwenye 26

Saa nane mchana, mwezi wa Oktoba, gereji ya wazi hapa Tabora. Toyota Carina Ti imesimama chini ya mwembe, boneti juu, geji mbili za AC, yaani kipoza hewa cha gari, zimening'inia kwenye ndoano. Pampu ya vakyumu, inayonyonya hewa kwenye mabomba ya AC, inanguruma tangu mafundi walipokwenda kula. Mshale wa geji ya bluu umefika inchi 26, na hapo umegoma.

"Mzee, kuna upenyo," fundi anasema. "Ingekuwa nzima ingefika 29. Hii ni evaporeta, itabidi tushushe dashibodi."

Mwenye gari anakuna kichwa. Evaporeta ndiyo sehemu inayopoza hewa, nayo imejificha ndani ya dashibodi. Kushusha dashibodi ya Carina ni kazi ya siku nzima, na plastiki zenye umri ule hazirudi zote salama.

Fundi alisoma geji vizuri. Kilichonikaa kichwani wiki kadhaa ni ile 29.

## Inchi zilizopotea

Geji ya vakyumu hupima tofauti kati ya hewa iliyobaki ndani ya mabomba na hewa iliyotuzunguka nje. Dar es Salaam, usawa wa bahari, hewa ya nje inakandamiza kwa karibu inchi 29.9 za zebaki, kwa hiyo pampu nzuri ikinyonya kila kitu mshale unakaribia 30. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya bahari. Huku hewa ya nje yenyewe ni inchi 26 tu.

Huwezi kunyonya zaidi ya kilichopo.

Kanuni ya haraka ni kutoa inchi moja kwa kila mita 300 za mwinuko. Gari hilo hilo ukilipeleka Kigoma, kando ya ziwa, mita 770 na kidogo, mshale utaishia 27 na ziada. Anayefundishwa kazi Dar, au kwa video za watu wanaoishi kwenye tambarare za chini, atarudi na 29 mfukoni na kuitafuta hapa maisha yake yote.

Lakini tahadhari, mtu asije akasema basi na 24 inatosha. Vakyumu tunaipiga ili maji yaliyo ndani ya mfumo yachemke na kutoka kama mvuke. Hapa Tabora, mshale ukiwa 25, maji yanachemka kwenye nyuzi 26 hivi, yaani joto la kawaida la mchana. Ukiwa 24, yanahitaji nyuzi 38. Inchi moja tu, na asubuhi ya baridi ya mwezi wa saba maji hayatoki ng'o. Ndiyo maana vakyumu hupigwa vizuri zaidi mchana, injini ikiwa imeshapata moto, dakika 30 hadi 45. Kama mfumo ulikaa wazi siku nyingi, saa nzima.

Maji yakibaki, utayajua baadaye: AC inapoza vizuri robo saa, inakuwa vuguvugu, ukiizima kidogo inarudi. Barafu inaziba tundu la vali ya ekspansheni, ile inayopitisha gesi kidogo kidogo kwenda evaporeta. Inayeyuka, inaziba tena.

## Kushika ndiyo habari

Mshale ulifika wapi ni swali la kwanza. Swali zito ni la pili: ukifunga vali za geji na kuzima pampu, unakaa pale pale?

Mpe dakika 20. Ukirudi kidogo kuelekea sifuri kisha ukatulia, mara nyingi ni unyevu au gesi inayotoka kwenye oili ya zamani, rudisha pampu. Ukirudi polepole bila kutulia mpaka karibu na sifuri, kuna upenyo kweli, na hapo fundi ana haki ya kuutafuta.

Hata mshale ukikaa, usiapie. Vakyumu inavuta mipira kuelekea ndani kwa nguvu ndogo, chini ya psi 13 (pauni kwa inchi ya mraba). AC ikifanya kazi, upande wa moto, unaotoka kwenye kompresa (pampu inayozungusha gesi), unasukuma nje kwa psi 200 na zaidi. Kuna oringi (pete ya mpira kwenye kiungo) inayoziba ikivutwa na kuvuja ikisukumwa. Anayetaka uhakika anajaza naitrojeni kavu yenye regyuleta mpaka psi 150, anapaka maji ya sabuni kwenye kila kiungo, anaacha usiku kucha. Hewa ya kujazia matairi haifai kabisa: ina maji, na ikichanganyika na masalia ya R134a, gesi ya AC, chini ya mgandamizo inaweza kuwaka.

Kabla ya sabuni, tumia macho. Gesi ikivuja hutoka na oili yake, na vumbi jekundu la huku linanata papo hapo. Kiungo chenye doa jeusi lenye unyevunyevu, wakati bomba zima ni kavu na la rangi ya udongo, kimejitaja chenyewe. Angalia pia vifuniko vya plastiki kwenye nozeli za kujazia. Magari mengi ya mtumba hayana hata kimoja, na vali ndogo ya ndani, ndugu wa ile ya tairi, inavujisha taratibu mwaka mzima. Nyingine ni sili ya shafti mbele ya kompresa: inakauka gari likikaa miezi bila kuwashwa AC, kisha inaacha mstari wa oili kuzunguka ndani ya boneti, kila kitu kilicho usawa wa puli.

Evaporeta huachwa mwisho, kwa sababu ya ile dashibodi. Ingiza kwanza rangi ya kung'aa kwenye mwanga wa bluu, tumia AC siku chache, kisha mulika maji yanayodondoka kwenye mpira wa kutolea maji chini ya gari. Yaking'aa kijani, haya, shusha dashibodi.

## Gesi haiishi yenyewe

Petroli inaunguzwa. Gesi ya AC inazunguka tu, inageuka kimiminika kwenye kondensa, ile iliyo mbele ya rejeta inayotoa joto nje, na kurudi kuwa gesi kwenye evaporeta. Kama imepungua imevuja, na kama haijapungua hakuna sababu ya kuiongeza.

Hata hivyo "ongeza gesi" ndiyo dawa ya kwanza kila gereji, na kinachonitatiza ni kwamba mara nyingi inaonekana kufanya kazi. Gari linafungwa jioni, hewa imepoa, mteja anaondoka kwa mwendo na upepo unapiga kondensa. AC baridi. Kesho yake saa nane, kwenye foleni ya stendi, joto ni lile lile, na sasa gesi imezidi. Kilichopoza kilikuwa jioni.

Na geji peke yake haisemi kiasi. Gari likiwa limezimwa na kupoa, geji zote mbili zinaonyesha joto la mahali tu: R134a kwenye nyuzi 30 hukaa karibu psi 98, iwe ndani kuna gramu 200 au 700. Mtu anaona 98 anasema imejaa. Anaona imejaa na haipozi, anasema kompresa imekufa.

Weka kipimajoto kando ya geji. Kukiwa na nyuzi 33 nje, injini ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, feni ya ndani mwisho, upande wa moto wa gari lisilo na shida unakaa kati ya psi 200 na 230, upande wa baridi 25 hadi 45. Zote mbili zikiwa chini, gesi ni pungufu. Baridi ikiwa juu na moto ukiwa chini, kompresa imechoka na haisukumi. Baridi ikizama karibu na sifuri au kuingia vakyumu, kuna kizuizi; pitisha mkono kwenye bomba na draya (kichupa kinachokausha gesi), mahali joto linapobadilika ghafla au jasho la barafu linapoanzia ndipo palipoziba.

Zote mbili juu ndiyo hali ya Oktoba. Tuseme 50 na 320. Psi 320 maana yake gesi inajaribu kugeuka kimiminika ikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 70. Hapo wawili watatu watakwambia mambo matatu: gesi imezidi, kuna hewa ndani, kondensa haipumui. Geji inawaunga mkono wote.

## Ndoo ya maji

Chota maji, nyunyizia kondensa kwa mbele huku injini na AC zikiwaka. Tazama mshale wa geji nyekundu, ya upande wa moto.

Ukishuka haraka, kutoka 320 kwenda 220, na hewa ya ndani ikapoa, shida ni upepo unaopita kwenye kondensa. Ukishuka kidogo tu na kubaki juu, ndipo ufikirie gesi iliyozidi au hewa, na dawa yake ni moja: toa vyote, piga vakyumu, jaza upya kwa mizani.

Huku kwetu jibu la kwanza ndilo ninalolitarajia, na sababu ni ule ule mwinuko. Hewa ya Tabora ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko ya pwani. Feni ile ile, kwa kasi ile ile, inapitisha hewa pungufu ya kubeba joto. Kondensa safi inavumilia. Kondensa yenye miaka 25, mapezi yamelala na vumbi limeganda, haina akiba hiyo.

Uchafu mbaya hauonekani ukiinama mbele ya gari. Uko kwenye ule mwanya kati ya kondensa na rejeta: mbegu za nyasi, kumbikumbi, vumbi la barabara ya vijijini lililochanganyika na oili. Fungua boliti za juu za rejeta, isogeze nyuma kidogo, osha kwa bomba la kawaida ukitoka nyuma kuja mbele, injini ikiwa baridi. Mashine ya kuoshea magari ikisogezwa karibu inalaza mapezi yote kwa dakika moja, na ukishayalaza hakuna kitana kitakachoyarudisha kama yalivyokuwa.

Kisha feni. Ukiwasha AC, feni ya kondensa lazima iwake. Ikikaa kimya, jaribu rilei (swichi yake ya umeme) kwa kuibadilisha na nyingine inayofanana kwenye boksi lile lile, kisha peleka umeme wa betri moja kwa moja kwenye plagi ya feni. Ikizunguka, angalia inazunguka upande gani. Feni ya mtumba iliyofungwa waya kinyume inasukuma hewa mbele badala ya kuivuta, na gari likitembea inapigana na upepo. Shika karatasi mbele ya kondensa: inapaswa kunata.

Gari linalopoza barabara ya Nzega na kuunguza mjini, mimi siliulizi habari ya gesi kabla ya karatasi hiyo.

## Bomba mbili za heta

Kuna gari ambalo geji zake ni nzuri, bomba la baridi kwenye boneti limetoka jasho, na bado hewa ndani ni vuguvugu. Hapo mafundi huanza kubishana.

Baridi ipo. Inachanganywa na moto njiani. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 90, kebo ya kitufe cha joto hulegea, na vali ya maji ya heta kwenye ukuta wa injini au mlango wa kuchanganyia hewa ndani ya dashibodi haufungi kabisa. Maji ya nyuzi 85 yanapita kwenye heta mchana kutwa.

Kipimo chake hakigharimu kitu. Zile hozi mbili zinazoingia kwenye ukuta nyuma ya injini, bana moja kwa koleo lenye mdomo uliofungwa kitambaa, taratibu, maana hozi kuukuu hupasuka. Subiri dakika tano. Hewa ikishuka nyuzi sita au saba, umemkamata. Rekebisha kebo, au badilisha vali.

## Asubuhi baridi, mchana hakuna

Hili nalo linaua kompresa nyingi zisizo na hatia. AC inawaka vizuri asubuhi. Baada ya nusu saa ya jua na foleni inakata. Gari likipumzika, inarudi. Geji haziongei, kwa sababu kompresa ikisimama zote zinakwenda kulala pamoja.

Tazama sahani ya mbele ya klachi, inayounganisha kompresa na puli kwa sumaku ya umeme, wakati tatizo lipo. Puli inazunguka na mkanda, sahani imesimama, lakini waya wa klachi una umeme. Basi sumaku haina nguvu ya kuivuta sahani. Klachi kadiri inavyolika, mwanya kati ya sahani na puli unaongezeka. Koili ya sumaku hiyo ikipata moto, ukinzani wake unapanda, umeme unapungua, na sumaku inashindwa kuuruka mwanya ambao asubuhi iliuruka.

Pima mwanya kwa fila (vibamba vyembamba vya kupimia), injini imezimwa, sehemu tatu kuzunguka sahani. Kompresa nyingi za Denso zinataka kati ya milimita 0.35 na 0.6. Ukikuta 0.8 au 1.0, tatizo umelishika mkononi. Shikilia sahani isizunguke, fungua boliti ya katikati, vuta sahani. Kwenye shafti utakuta shimu, vipete vyembamba kama karatasi ngumu, unene wa milimita 0.1 hadi 0.5. Toa kimoja, rudisha, pima tena. Usiende sifuri, maana sahani itasugua puli hata AC ikizimwa, na harufu itakufikia kabla ya moshi. Sahani iliyogeuka bluu imeungua. Hiyo ibadilishwe pamoja na koili.

Ukiwa hapo, pima koili: om 3 hadi 4 ikiwa baridi. Na pima volti kwenye plagi yake injini ikiwaka. Betri ikiwa 13.8 na plagi 12.2, mwanya hauna kosa. Kuna rilei iliyoungua ndani au ethi yenye kutu.

Kitu kimoja kisifanywe: kuunganisha waya kuruka swichi ya presha ili kompresa iwake kwa lazima. Kwenye Toyota nyingi swichi ile inakata gesi ikishuka chini ya psi 28 hivi na ikipanda karibu 455. Inakata chini kwa sababu bila gesi oili haizunguki. Ukiiruka, kompresa itazunguka kavu mpaka ikwame.

## Miembe

Kivuli cha mwembe ni kizuri, ila majani na maua yake yanaanguka kwenye matundu chini ya kioo cha mbele, ndipo hewa ya ndani inapoingilia. Magari mengi ya Kijapani ya miaka ile hayana filta ya hewa ya ndani, kwa hiyo vumbi na majani yanakwenda moja kwa moja kwenye evaporeta iliyolowa. Dalili ni upepo dhaifu wenye baridi, na maji miguuni pa abiria wa mbele. Toa droo ya dashibodi, shusha feni ya ndani kwa skrubu tatu, ingiza mkono. Zibua mpira wa kutolea maji kutoka chini ya gari. Basi.

## Mizani, si macho

Kiasi sahihi kimeandikwa kwenye stika chini ya boneti. Hata kama ni ya Kijapani, maandishi HFC134a na tarakimu za gramu zinasomeka. Magari mengi madogo ya saluni ni kati ya gramu 450 na 700. Noah yenye AC ya nyuma ni zaidi. Gramu 100 kwenye mfumo wa 500 ni moja ya tano, na hakuna jicho linaloiona. Kile kioo kidogo juu ya draya kisichoonyesha mapovu kinaweza kumaanisha imejaa, imezidi, au hakuna kitu kabisa.

Weka mtungi kwenye mizani ya kidijitali, toa hewa kwenye hozi ya njano kabla ya kufungua, jaza kupitia upande wa baridi injini ikiwaka, mtungi ukiwa wima. Vali nyekundu ibaki imefungwa. Ikifunguliwa injini ikiwaka, presha ya gari inarudi kwenye mtungi, na mtungi unaweza kupasuka.

Mtungi wenyewe upime. Uache kivulini usiku mzima, soma geji na kipimajoto asubuhi. Nyuzi 25 inapaswa kutoa psi 84 hivi, nyuzi 30 kama 98. Ukikuta 160 kwenye nyuzi 30, hiyo ni R22 ya friji za madukani iliyovishwa rangi. Mchanganyiko wa gesi zinazowaka unaweza kupita mtihani huu, kwa hiyo muuzaji anayejulikana bado ana thamani.

Gesi ya zamani isiachiliwe hewani kama mashine ya kuikusanya ipo mjini. Kilo moja ya R134a inapasha joto anga sawa na kilo 1,430 za kaboni dayoksaidi kwa miaka 100, na ndiyo sababu mwaka 2016 nchi zilikaa Kigali, jirani zetu hapa, zikakubaliana kuipunguza.

## Kompresa ya mtumba

Kama kompresa imekwama kweli, swali ni imekwama na nini. Fungua bomba la upande wa moto, chovya kitambaa cheupe. Oili ya njano safi ni habari njema. Oili nyeusi yenye chembe zinazometa ina maana vyuma vimeshasambaa, na vimejazana kwenye kondensa. Zile kondensa zenye mirija bapa myembamba hazisafishiki. Dawa unayopitisha inapita mirija iliyo wazi na kuiacha iliyoziba. Kufunga kompresa nyingine mbele yake ni kuilipia mazishi. Badilisha kondensa, draya na vali ya ekspansheni, osha mabomba tu.

Dukani, zungusha shafti ya kompresa kwa mkono kwenye sahani, siyo kwenye puli. Izunguke kwa uzito ulio sawa, bila kukwaruza. Kataa iliyokaa rafu bila vizibo kwenye matundu, kwa sababu PAG, oili ya kompresa, inafyonza unyevu wa hewa, na msimu wa mvua wiki chache zinatosha kuiharibu. Mwaga oili yote iliyomo, ipime, rudisha kiasi kile kile cha PAG 46 mpya kama ni Denso ya R134a. Kompresa ya umeme ya gari la mseto (haibridi) haitaki PAG kabisa. Kisha zungusha shafti mara kumi kwa mkono kabla ya kuwasha, ili oili iliyotuama kwenye pistoni itoke taratibu.